Ulikisomea Wapi?

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kanga mbili za mke wangu na daftari kubwa lenye mistari, mkaniambia niandike mambo ya kazi yetu ya maktaba ili vijana wajifunze. Saa ilisimama wiki ya pili. Kanga zinavaliwa. Limebaki daftari, na kwa kuwa kila nikikutana na mmoja wenu huku Pasiansi ananiuliza nimefika ukurasa wa ngapi, nimeona afadhali niandike yaishe. Msitegemee habari za vyeo. Nilipandishwa mara chache, na kila mara nilipewa meza kubwa zaidi na kiti kibovu zaidi.

Nitaandika miaka ya mwanzo tu, ile ya kabla ya Uhuru na mara baada yake. Huko ndiko nilikofanya kosa langu kubwa, na wiki yangu ya mwisho kazini nilimsikia mmoja wenu, jina lake nalihifadhi, akimwambia mama mmoja aliyetoka hospitali, "Tafuta mwenyewe, mama, namba zimeandikwa." Yule mama alizitazama namba, akatutazama sisi, akaenda zake. Nilitaka kusema neno siku ile, nikashindwa kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na karibu yaigharimu Mwanza maktaba yake.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Musoma, nikiwa na cheti cha darasa la kumi, barua ya mchungaji wetu na viatu vya kaka yangu vilivyonibana. Kazi niliyopewa ilikuwa ya karani katika chumba cha vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa mali ya klabu ya wazungu wa pamba na reli. Walivyokwisha kuvisoma walivihamishia chumba kimoja kilichotazama barabara, si mbali na stesheni, na chumba hicho kiliruhusiwa kwa watu wote. Kwa hiyo tulichopata sisi ni kile walichokichoka: vitabu vya falsafa walivyonunua wakiwa na nia njema, riwaya za upelelezi zenye madoa ya chai, na vitabu vikubwa vya sinema vilivyojaa picha za waigizaji. Karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza.

Mkuu wa chumba aliitwa Bwana Idrisa. Alikuwa mtu wa mjini hasa, wa familia ya Kiislamu iliyochanganya Kimanyema, Kinyamwezi na Mwarabu mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kushona majalada, na vidole vyake havikuacha kunuka gundi mpaka mwisho. Alikitazama cheti changu, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu cha maana zaidi, akanipa tambara. Akaniambia nifute vumbi rafu zote na nisihamishe kitabu hata kimoja.

Nilipoanza kufuta nilidhani rafu zilianguka siku ya karibuni na mtu akaziokota kwa haraka. Kitabu kinene cha falsafa kimekaa ubavuni mwa kitabu cha magonjwa ya mifugo. Riwaya ya upelelezi iko na vitabu vya dua. Kitabu cha sinema kimewekwa pamoja na orodha ya bei za nguo za Ulaya. Nilimwuliza Bwana Idrisa kama angependa nimsaidie kuvipanga. Akajibu kwamba vimepangwa.

Na kweli vilikuwa vimepangwa, kwa mpango ambao sijaukuta mahali pengine mpaka leo. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndani ya jalada, kama hizi zenu. Kwenye kadi kulikuwa na jina la aliyeazima, siku ya kutoka, siku ya kurudi, halafu safu ya nne ambayo Bwana Idrisa aliichora mwenyewe kwa rula na kuiandika juu yake "Mahali". Mtu akirudisha kitabu hakuulizwa kama kilikuwa kizuri. Aliulizwa, "Ulikisomea wapi?" Jibu likaandikwa kwa penseli. Kadi ikijaa majibu yanayofanana, kitabu kinahamia rafu ya mahali hapo.

Ndiyo maana palikuwa na Rafu ya Kivukoni, yaani vitabu vya kusoma ukivuka kwenda Sengerema na kurudi. Hapo zilikaa riwaya fupi za upelelezi, kwa sharti kwamba maiti ionekane kabla ya kuondoka gatini Mwanza na muuaji akamatwe kabla ya kurejea. Palikuwa na Rafu ya Baraza, vitabu vya kusomwa kwa sauti. Fundi Shabani, mshona nguo mwenye vyerehani vinne kwenye baraza lake, alikuwa na desturi ya kumketisha mtu mmoja anayejua Kiingereza katikati ya mafundi, awasomee na kuwatafsiria kila alasiri huku vyerehani vikienda. Vitabu vya sinema vilikuwa hapo, kwa sababu wateja wake walikuja na ukurasa mkononi wakitaka koti kama la yule bwana aliyeegemea gari. Na palikuwa na Rafu ya Wauguzaji, kwa watu wanaokaa na wagonjwa wao hospitalini. Falsafa yote ilikuwa hapo. Nesi Perusi, dada mmoja wa Kijita kama mimi aliyesimamia wodi ya wanaume, alikuwa amepiga marufuku upelelezi wodini kwake. Alisema mtu akishika riwaya ya namna hiyo mgonjwa anaomba maji mara tatu hasikiwi. Falsafa mtu anaiweka chini wakati wowote bila kinyongo.

Mimi mambo haya yalinikera sana. Nilikuwa kijana aliyesoma, na nilijiona nimeletwa kuokoa vitabu mikononi mwa mzee wa gundi. Wasomaji nao walinizidishia. Kulikuwa na mmoja, sijui hadi leo ni nani, aliyeandika jina la muuaji kwenye ukurasa wa kwanza wa kila riwaya, kwa wino, na kupiga mstari chini yake. Nilifuta, nilibandika karatasi, akaandika juu ya karatasi. Picha za akina mama wa sinema zilikatwa kwa wembe na wasusi, na nilikuwa nikizikuta zimebandikwa kwenye kuta za sokoni, nusu ya kitabu changu ikinitazama. Sajenti Mathias wa polisi alikuwa akirudisha riwaya za upelelezi kabla hajafika katikati, amefura, akisema hakuna afande yeyote duniani anayeacha mashahidi wote wakae sebule moja wanywe chai.

Wiki yangu ya kwanza niliazima kitabu kimoja cha falsafa, kinene kuliko vyote, jalada la kijani. Sikutaka kukisoma. Nilitaka Bwana Idrisa anione nakibeba. Baada ya siku tatu nikakirudisha. Akaniuliza nilikisomea wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza nyumbani sehemu gani. Nikasema mezani. Chumba nilichopanga hakikuwa na meza, kilikuwa na kitanda na ndoo, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu kwa sababu aliweka penseli chini bila kuandika kitu. Hakunifokea, na hilo lilinichukiza kuliko kufokewa.

Tulikwenda hivyo miaka kadhaa. Alinifundisha kushona karatasi zilizoachana, kupika gundi ya unga wa ngano na kuitia maji ya mwarobaini ili mende wasiile, na kufungua kitabu kipya taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati ili mgongo usivunjike. Hayo niliyashika yote. La "Mahali" sikulishika. Nililifanya kwa sababu niliamriwa, na nilipoandika nilikaza penseli.

Halafu klabu ikanipeleka Dar es Salaam kwa kozi ya serikali ya miezi mitatu. Huko ndiko nilikojifunza namba za kupangia vitabu kwa mada. Falsafa inaanzia mia moja, sinema iko mia saba na tisini na moja, riwaya ziko mia nane na kitu. Sitadanganya, nilifurahi karibu nilie. Kila kitabu duniani kilikuwa na nyumba yake, na anayejua namba anaingia gizani na kukishika. Nilirudi Mwanza na treni nikiwa nimekwisha kuzipanga rafu zote kichwani mwangu kabla ya kufika Shinyanga.

Bwana Idrisa alinisikiliza nikimweleza namba kwa siku nzima. Mwishoni akauliza, "Na mtu asiyejua anachokitaka, namba yake ipi?" Nikamwambia mtu wa namna hiyo ajifunze kwanza. Akasema sawa, na akaendelea kushona.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wakati huo. Mwaka wa Uhuru hakuweza tena kusoma kadi bila kuipeleka mlangoni kwenye mwanga, na binti yake Mwanaidi akaja kumchukua akaishi naye Sengerema. Siku ya kuondoka alipapasa rafu moja baada ya nyingine kwa vidole, akatia kitu fulani mfukoni mwa kanzu, akaniaga. Chumba kikawa changu.

Haukupita muda ikaja barua ya katibu wa klabu. Wazungu wengi walikuwa wanaondoka na klabu inafungwa. Kuhusu vitabu, wanakamati walikuwa wamegawanyika. Baadhi walitaka viachiwe mji. Wengine walisema Mwanza havisomwi, bora vipakiwe kwenye makasha, vipelekwe pwani kwa treni ambako vitapata watu. Serikali mpya ilikuwa imeombwa iamue, na afisa angekuja kutoka Dar es Salaam baada ya miezi mitatu kuona kama chumba kina wasomaji. Kabla hata afisa hajatajwa jina, makasha yaliletwa. Yalipangwa kwenye ujia wetu, mbao mpya zinazonuka, na ubavuni yameandikwa kwa rangi nyeusi jina la pwani yanakokwenda. Kila asubuhi nilipita ubavu ubavu ili nifike mezani kwangu.

Nikajiambia afisa msomi hawezi kuona falsafa imekaa na magonjwa ya ng'ombe. Nikafunga mlango siku nne, nikashusha vitabu vyote, nikavipanga kwa namba. Nikatengeneza vibao: FALSAFA, RIWAYA, SINEMA. Na kadi za zamani, zile chafu zenye penseli na alama za vidole, nikazitoa zote na kuweka mpya nyeupe, zenye safu tatu. Zile za zamani nilimpa muuza chai wa stesheni awashie jiko lake. Nilipomaliza nilisimama katikati ya chumba na nikaona ni chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona upande huu wa ziwa.

Wasomaji waliingia, wakasimama mlangoni, wakatafuta. Mtu akisema, "Nipe cha kivukoni, meli inaondoka," namjibu aangalie RIWAYA, namba mia nane. Riwaya zilikuwa nyingi sana, fupi na ndefu zimechanganyika, na honi ya meli haisubiri. Anaondoka mikono mitupu. Wanaotoka hospitali walikiona kibao cha FALSAFA wakadhani si mahali pao, wengine waliniuliza kama ni ofisi. Fundi Shabani alikuja mara mbili. Mara ya pili nilimwambia yale maneno, atafute mwenyewe, namba zimeandikwa. Alinitazama vile unavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. Hakurudi.

Miezi miwili ikapita kadi zangu zikiwa nyeupe kama nilivyoziweka. Nilikaa mezani nikisikiliza mende. Nilikuwa na chumba safi, namba sahihi, na makasha ujiani yakinisubiri. Nilianza kuwatukana watu wa Mwanza moyoni, kwamba hawapendi kusoma. Nikawatukana wiki nzima. Halafu Nesi Perusi akapita kuulizia kama nimefunga, maana wauguzaji wake sasa wanakaa wodini wakigombana na manesi kutwa, na ndipo nilipokubali kwamba aliyewafukuza ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikavuka kwenda Sengerema. Nilimkuta Bwana Idrisa kibarazani kwa binti yake, ukungu umekwisha kufunga macho yote mawili, anabangua karanga kwenye ungo. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Hizo hatua zako, Magesa, umevunja nini?"

Nikamweleza yote. Habari ya barua, ya afisa, ya makasha, ya namba. Alikuwa anaitikia tu na kubangua. Nilipofika kwenye kadi vidole vikasimama.

"Kadi zangu ziko wapi?"

"Nilimpa muuza chai, mzee. Awashie moto."

Nilimwambia nimekuja na karatasi na kalamu, yeye ataje tu, kitabu gani kilikaa rafu gani, mimi niandike, na kesho nitarudisha kila kitu mahali pake.

"Sikumbuki," akasema.

"Mzee, miaka yote ile?"

"Ningekuwa nakumbuka, ningekuwa naandika kadi za nini? Mimi vitabu vyenyewe sikuvisoma, Kiingereza changu ni cha risiti. Wanaojua ni waliosoma. Nenda ukawaulize."

Nilikasirika, nakiri. Niliona ananiadhibu. Nilimwambia zimebaki siku kumi na mbili, nitamuuliza nani na nani. Alimwita Mwanaidi amletee kanzu yake ya zamani, akatia mkono mfukoni, akanipa kadi moja. Ilikuwa ya kile kitabu cha kijani. Jina langu, siku ya kutoka, siku ya kurudi, na safu ya nne tupu.

"Hii niliondoka nayo kwa sababu haijajazwa," akasema. "Ukijua umekisomea wapi, uniambie."

Nilirudi na kivuko cha alasiri. Sikuwa na kitu cha kusoma njiani, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi safari ile ilivyo ndefu.

Kesho yake nilishusha vitabu vyote sakafuni. Vibao vyangu nikaving'oa. Nikaandika majina ya zamani kwa chaki kwenye rafu tupu, Kivukoni, Baraza, Wauguzaji na nyingine ndogo ndogo, kisha nikafunga chumba nikaenda kuomba. Nilikwenda barazani kwa Fundi Shabani mbele ya mafundi wake wote, nikamwambia nimekosa, vitabu viko chini, aje aweke kila alichowahi kukisoma mahali pake. Nikaenda kituo cha polisi kwa Sajenti Mathias na hospitali kwa Nesi Perusi nikasema hivyo hivyo. Fundi Shabani alinikalisha nimalize kikombe cha kahawa kabla hajajibu. Kisha akasema atakuja, lakini si kwa ajili yangu.

Walikuja, na walikuja na wengine. Sijawahi kuona vurugu za namna ile kazini, na sizitaki tena. Watu wapo sakafuni, kila mmoja ameshika kitabu anasema ni cha mahali fulani, mwenzake anabisha. Mafundi walikuta kitabu cha sinema chenye koti la yule bwana wa gari wakakaa chini kukiangalia upya, kazi ikasimama saa nzima. Mwalimu mmoja wa kutoka Igoma alishika riwaya akaanza kumsimulia jirani yake, na nusu ya chumba ikaziba masikio kwa sababu walikuwa hawajaimaliza. Ugomvi mkubwa ulikuwa kati ya Sajenti Mathias na Nesi Perusi, wamekamata kitabu kimoja cha falsafa, huyu huku na yule kule. Nilishangaa. Kumbe Sajenti alikuwa anasoma falsafa zamuni miaka yote, kwa kuazima kwa jina la shemeji yake, kwa sababu askari wenzake wangemcheka.

"Hiki kilinifaa mahabusu wanapopiga kelele," alisema. "Kinauliza na hakimkamati mtu."

"Na mimi kilimkalisha mtu siku nane kando ya baba yake," akasema Nesi Perusi. "Alifika ukurasa wa mia. Mzee alipofariki, alikuja kukimalizia palepale wodini, kwenye kiti kilekile."

Sajenti akakiachia. Kilikwenda kwa Wauguzaji.

Mpaka siku ya tisa rafu zilikuwa zimejaa, watu wameanza kuazima tena, na mimi nilikuwa nimejua habari za vitabu vile kuliko nilivyojua kozini. Rafu zenyewe hazikuwa sawa na zile za Bwana Idrisa, hilo nina hakika. Sakafuni kilibaki kitabu kimoja ambacho hakuna aliyekidai, chenye jalada la kijani. Nikakitia kwenye droo yangu pamoja na kadi yake.

Afisa alikuja. Alikuwa mtu mpole mwenye suti nzuri, wa umri wangu, na alikuwa amesoma mbali. Hakutazama rafu kwanza. Alikaa mezani kwangu, akatoa kadi, moja, nyingine, nyingine. Nilimwona anavyokunja uso.

"Miezi miwili hakuna aliyeazima," akasema. "Halafu wiki hii mji mzima. Umewaita kwa sababu nakuja?"

Ningeweza kutafuta maneno. Niliyatazama yale makasha kupitia mlango, nikachoka. Nikamwambia ukweli wote, kwamba kwa miaka mingi chumba kilijaa, kwamba ushahidi wake, kadi zenye safu ya nne ya Mahali, niliuchoma kwenye jiko la chai, kwamba niliwafukuza wasomaji kwa namba nilizofundishwa na serikali iliyopita, na kwamba hicho anachokiona wamekipanga wenyewe. Alisimama, akapita kwenye rafu, akauliza falsafa iko wapi. Nikamwambia iko kwa wauguzaji. Hakucheka. Alishika kitabu hiki, akashika kile, akaandika mambo yake kwenye karatasi, nami nikaona vitabu vimekwisha kupanda treni.

Alipovaa kofia nilimwuliza anasafiri lini. Sijui kwa nini niliuliza. Akasema kesho, kwa treni. Hatukuwa na rafu ya treni, hakuna aliyekuwa ameifikiria, kwa hiyo nikamchomolea riwaya moja ya upelelezi kutoka Kivukoni, nikampa. Akasema hasomi vitu hivyo. Nikamwambia njia ni ndefu. Alitia sahihi kwenye kadi kwa adabu tu, nadhani, akaiweka mkobani.

Wiki tano hatukusikia kitu. Katibu wa klabu alikuja na misumari ya makasha akaiacha mezani kwangu ndani ya bahasha, kwa matayarisho. Wasomaji waliendelea kuja, na kila aliyeazima aliniuliza kama atakuta mahali pa kurudisha. Nilimwandikia siku ya kurudi hivyo hivyo.

Halafu likaja bunda kwa posta, limefungwa kwa kamba. Ndani hapakuwa na barua, ile rasmi ilifuata siku nyingi baadaye. Kulikuwa na riwaya ile na kadi yake. Afisa alikuwa amechora safu ya nne mwenyewe, kwa rula, na kuandika ndani yake kwa herufi ndogo nilizozisoma nimesimama ujiani, mgongo umeegemea makasha:

"Stesheni ya Tabora, treni ilichelewa saa tano. Si kitabu cha kivukoni, ni kirefu mno. Anzisheni Rafu ya Stesheni. Mbao mnazo hapo ujiani."

Nilikaa juu ya kasha nikalia kama mtoto, na muuza chai aliyekuwa analeta kikombe changu akageuka akarudi nacho. Rafu ile tuliipigilia kwa misumari ya bahasha ya katibu. Bado ipo. Ni ile mnayowekea magazeti ya zamani. Mkitazama chini ya ubao wa pili mtaona jina la pwani limeandikwa kwa rangi nyeusi, limesimama kichwa chini.

Nilimpelekea Bwana Idrisa habari siku iliyofuata. Alifurahi, alinishika mkono muda mrefu. Kisha akauliza kama nimejaza ile kadi. Nikasema bado. Akaniuliza tena kila nilipovuka kumwona, mpaka alipofariki, na kila mara nilisema bado, kwa sababu kumdanganya mara moja kulinitosha.

Sasa mmerudisha namba. Nilihusika, siwalaumu. Vitabu vimekuwa vingi na namba ni lazima. Lakini ile safu ya nne ipo bado kwenye kadi zenu, nilikataa kuiondoa miaka yote, na naona mnaiacha wazi. Mwulizeni mtu. Haichukui muda wenu mwingi, mnakaa tu hapo.

Na mkihesabu vitabu mtakuta kimoja cha falsafa hakipo, jalada la kijani. Kimeazimwa na mimi kihalali, msinitumie barua ya kunikumbusha. Ni kitabu kigumu, mwandishi anazunguka sana, na mara mbili nimekitupa chini. Nimefika ukurasa wa arobaini na moja. Kadi iko ndani, na safu ya nne nimeijaza jana kwa penseli: "Pasiansi, kibarazani kwangu. Meza sina."